Shimo la Mchezo kule Kaatsheuvel

Sisi watu wa Likasi, Kolwezi na Kipushi tukisikia neno «shimo» hatufikiri mchezo. Tunafikiri kazi, baba anayeshuka usiku, na mama asiyelala vizuri mpaka arudi. Kumbe kule Ulaya kuna watu wanaolipa feza yao wenyewe ili wapandishwe juu ya mnara wa mgodi na waangushwe shimoni. Wanatoka wakicheka, na wengine wanarudi tena ku mstari.

Pahali penyewe panaitwa Efteling, katika mji mdogo wa Kaatsheuvel, kusini ya Uholanzi. Si mbali na mpaka wa Ubelgiji, njo maana watu wetu wanaokaa Antwerpen wanaweza kwenda na kurudi siku moja. Bustani ile ilianza kwa kazi ya mapadri. Miaka ya 1930 mapadri wa pale walitaka vijana wawe na uwanja wa mpira na wa kutembelea, na uwanja ukafunguliwa mwaka wa 1935. Mwaka wa 1952 wakaongeza Msitu wa Hadisi, ambao mchoraji Anton Pieck aliutengeneza kwa kalamu yake. Mule utaona binti mfalme aliyelala miaka mia, na mtu anayerefusha shingo yake mpaka juu ya miti. Kuna pia sanamu ya mtu mnene anayeomba karatasi kwa mdomo wazi. Watoto wanaokota takataka za njiani ili wamulishe, na yeye anawashukuru. (Mutu aliyewaza kitu kile angetufaa sana katika masoko yetu.)

Hadisi zile ni za watu wote, hakuna kampuni ya sinema inayozishika. Na mgodi wao njo vile vile.

Unaitwa Baron 1898, na ulifunguliwa tarehe 1 Julai 2015. Walitumia karibu milioni 18 za euro. Hadisi yake waliitunga wenyewe: tajiri mmoja, Baron Gustave Hooghmoed, amepata zahabu chini ya udongo na anatafuta wafanyakazi. Jina lake lina maana, kwa sababu «hoogmoed» kwa Kiholanzi ni kiburi. Zahabu ile inalindwa na Wanawake Weupe, mizimu ya ukungu ambayo wazee wa mashariki ya Uholanzi waliizungumza tangu zamani. Wewe unaingia kama mfanyakazi mupya. Nguo za kazi zinaning'inia, mitambo inalia, na wale wanawake wanaimba kukuonya usishuke. Halafu unakaa katika kigari cha watu 18, sita sita kwa mstari, miguu ikining'inia hewani. Kinapanda mnara wa mita 30 na kusimama kule juu. Unatazama chini, unaona shimo jeusi na ukungu. Unangoja. Kisha unaanguka mita 37 na nusu, kwa mwendo wa kilometa 90 kwa saa, na unaingia chini ya ardhi kabisa.

Mtoto wa ndugu yangu aliniuliza tulipotoka: «Baba mukubwa, nanyi mulikuwa munashuka vile?» Nikamujibu, hapana, sisi tulishuka tukiwa tumesimama, na hakuna mutu alipiga kelele.

Lakini kila kitu nilikitambua: mnara, magurudumu, nguo, tajiri anayeahidi, na hofu ile ya mutu kabla ya kushuka, ambayo hakuna anayeisema. Kwa sababu hawakuwa na filme ya kuegemea, wale watengenezaji walilazimika kwenda kutazama kazi yenyewe na hadisi za wazee.

Sasa mutazame mgodi mwingine. Katika bustani ya Magic Kingdom, kule Florida, Marekani, mwaka wa 2014 kampuni ya Disney ilifungua treni ya mgodi wa Vibete Saba. Hadisi yake imetoka ku filme ya Snow White ya mwaka wa 1937. Vigari vinayumba huku na huku kama vigari vya kweli, na watoto wadogo wanaupenda sana, sitawalaumu. Lakini mule mawe ya thamani yanang'aa ukutani yakiwa yamekwisha kuchongwa, na wafanyakazi wanaimba. Abiria hajifunzi kitu juu ya shimo. Anakutana tena na wale aliowajua ku sinema.

Wenye bustani wana sababu zao. Kujenga mchezo kunakula feza nyingi, na filme inayojulikana ni kama mudhamini: watu watakuja hata kabla ya kuuona. Zamani Disney wenyewe hawakuwa na hofu ile. Mchezo wao wa maharamia wa baharini ulifunguliwa mwaka wa 1967 bila filme yoyote. Filme ilitoka ku mchezo, mwaka wa 2003, na mwaka wa 2006 wakarudi kumuweka kapiteni wa filme ndani ya mchezo wa zamani. Mtoto aliwekwa kiti cha baba yake.

Na mudhamini anaweza kuanguka. Mwaka wa 1989 walifungua kule California mlima wa maji, Splash Mountain, wenye hadisi za Sungura mjanja. Hadisi zile zilisimuliwa na watu weusi waliokuwa watumwa Amerika. Ni ndugu za Kalulu wetu. Lakini mchezo ulizichukua kupitia filme ya mwaka wa 1946, ambayo ilionyesha maisha ya watu weusi katika mashamba ya wazungu kama maisha matamu. Aibu ya filme ikaufuata mchezo. Mwaka wa 2023 ukafungwa katika bustani mbili za Marekani, na mwaka wa 2024 pakawekwa Tiana, binti mfalme mweusi wa filme nyingine. Simulaumu Tiana. Namusikitikia Kalulu, ambaye alifukuzwa kwa kosa la mwenye sinema.

Baron wa Kaatsheuvel naye ana upungufu: tajiri ana jina, mizimu ina jina, wafanyakazi hawana. Nani alikuwa mwenye zile nguo?

Mwenye kutaka jibu avuke mpaka mpaka Blegny, karibu na Liège. Mgodi ule wa makaa ulifungwa mwaka wa 1980, na leo wageni wanashuka ndani kwa lifti ya kweli ya wafanyakazi. Unapewa koti na kofia ngumu. Unashuka mita 30, kisha 60, na kule chini wanawasha mashini moja kidogo tu ili musikie kelele yake. Mtoto wa ndugu yangu aliziba masikio. Hakucheka, na hakuomba kurudi ku mstari, lakini njia nzima ya kurudi aliniuliza habari za Kipushi.