Trekta la Kuku na Alama Nilizozirudisha

Ni vigumu kumkuta mkufunzi asiyewahimiza wanachuo wake watumie vifaa vilivyomo katika mazingira yao. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, jambo hilo limesemwa darasani, limeandikwa katika maandalio ya masomo, na limeulizwa katika mitihani. Mimi pia nimelifundisha kwa miaka kadhaa. Hapa nakusudia kueleza jinsi nilivyolifundisha vibaya, nikiwa na nyundo mkononi.

Somo lilikuwa kuunda trekta la kuku. Jina hilo lisimbabaishe msomaji, kwani chombo chenyewe hakina injini. Ni tundu lisilo na sakafu, jepesi kiasi cha kuhamishwa kila siku. Kuku walio ndani hupekua ardhi, hula magugu na wadudu, na huacha mbolea. Kesho yake tundu husogezwa mbele kidogo, nao huanza kulima upya. Huko Marekani, mkulima Joel Salatin wa jimbo la Virginia amejulikana sana kwa matundu ya jinsi hiyo, ambayo huyahamisha kila siku malishoni. Yake ni makubwa, futi 10 kwa 12, na kimo cha futi 2. Nilivutiwa na mchoro wake, nikaupunguza, nikaunakili ubaoni.

Karakana yetu ilikuwa na nyundo mbili, msumeno uliopungua makali, koleo, mapanga, na futi kamba iliyokatika sentimita 10 za mwanzo. Kifaa hicho kibovu kilifundisha hesabu kuliko mimi. Kundi moja lilisahau kutoa zile 10, likakata vijiti vya sentimita 110 badala ya 120, na tangu siku hiyo hakuna aliyesahau tena. Kipimo cha kona hatukuwa nacho kabisa. Tulichukua kamba, tukaipiga mafundo kwa nafasi zilizo sawa, tukaivuta iwe pembetatu ya pande 3, 4 na 5; kona iliyo mraba ikapatikana. Wanachuo wengi walikuwa wameikariri kanuni ya Pythagoras tangu sekondari, lakini hawakupata kuishika kwa mkono.

Tundu la kwanza lilikuwa la mbao za inchi 2 kwa 4, kwa sababu mchoro wangu ulisema mbao. Lilipokamilika lilihitaji watu wanane kuliinua. Trekta lisilosogea ni banda tu, tena banda bovu, kwa kuwa halina sakafu! Ndipo wanachuo walipopendekeza mianzi. Mwanzi hupasuka ukipigwa msumari, hivyo walikata mipira ya ndani ya baiskeli vipande vyembamba na kuvitumia kama kamba. Wakaacha umbo la sanduku, wakatengeneza umbo la paa la kibanda, kwani pembetatu haiyumbi, ilhali mstatili hulala upande usipowekewa mshazari. Upana ulikuwa mita 1.2, sawasawa na tuta la bustani, na urefu mita 2, mita 2.4 za mraba kwa kuku sita. Mianzi miwili ilijitokeza mbele na nyuma kama mipini ya machela, na watu wawili walilibeba bila shida.

Hapo ndipo mwanachuo mmoja, binti wa kutoka Singida, aliponyosha mkono. "Mwalimu," alisema, "kwetu kuku hulala jikoni. Hili tundu ni la mchana. Usiku watalala wapi?"

Nilimjibu kuwa mchoro unaonyesha kuku wakilala humo humo. Katika kazi yake ya kuandika alilirudia wazo lile, akachora tundu pamoja na kibanda cha usiku chenye mlango. Nilimpa alama 11 kati ya 20, nikaandika pembeni: "Hukufuata mchoro."

Kuku tuliwaazima kwa mpishi wa chuo. Usiku wa nne kicheche alipita chini ya tundu, mahali ambapo ardhi ilikuwa na bonde dogo. Asubuhi tulikuta kuku watano wamekufa, na wa sita amejibana pembeni. Tulikuwa tumefunga wavu wa kuku pande zote, lakini wavu huo humzuia kuku asitoke. Kumzuia mnyama mwenye njaa asiingie ni kazi nyingine. Mama mpishi alinitazama kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona hukuniuliza wanalala wapi?"

Nilimlipa kuku wake. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kurudi darasani. Baadhi ya wenzangu walinishauri nilinyamazie, eti heshima ya mkufunzi isije ikapungua. Nakiri kuwa ushauri huo ulinivutia kwa siku mbili. Siku ya tatu niliomba daftari la yule binti, nikasoma mbele ya wote nilichoandika pembeni, nikakifuta, nikampa 18. Mbili nilizibakiza kwa sababu vipimo vya mlango wake havikulingana, naye alikubali.

Tuliunda tena. Safari hii wanachuo walitandaza wavu chini kuzunguka tundu, upana wa futi moja, wakaukandamiza kwa mawe, ili mnyama anayefukua ukutani akutane nao. Jioni kuku hurudishwa katika kibanda cha matofali chenye mlango. Tuta waliloliacha hatulipandi papo hapo, kwa maana mbolea mbichi ya kuku huunguza miche.

Mwaka huo huo nilikwenda kumkagua binti yule katika mazoezi ya kufundisha. Niliwakuta watoto wa darasa la tano wakibeba tundu la mianzi kuvuka kiwanja, wawili mbele na wawili nyuma, huku wengine wakibishana ni wapi ardhi ilipo sawa. Yeye alikuwa amesimama kando, kimya. Sikuwa na la kumsahihisha ila maandalio yake, ambayo hakuyatia tarehe.