Mcheza Kwao Hutuzwa: Tuzo au Namba?

Waswahili walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Aghalabu methali hii hutajwa pale mtu anapotenda jambo la kusifika mbele ya watu wake, nao wakawa radhi kumpa heshima anayoistahili. Ni nadra, hata hivyo, kumsikia mtu akiuliza: je, yule aliyekwisha kutuzwa, akirudi baada ya miaka mingi, magoti yamechoka na pumzi imepungua, naye akaomba kucheza tena, apewe nini? Swali hilo liliifikia timu moja ndogo ya kandanda nje kidogo ya mji wa Malindi mnamo Januari mwaka 2019, nalo likawanyima watu usingizi kwa siku kadhaa.

Timu yenyewe si ya kutajika. Wachezaji wake ni wavuvi, waendesha bodaboda, vijana wa kazi za hoteli na wanafunzi wa shule za upili. Hucheza katika ligi za chini za kaunti, na siku inapobahatika kualikwa katika uwanja wa Alaskan mjini Malindi, au ule wa Karisa Maitha huko Kilifi, siku hiyo huwa mfano wa sikukuu. Mfuko wake ni wa michango. Mwezi huo, baada ya kulipia jezi na nauli, kilichosalia kilitosha kumsajili mchezaji mmoja tu.

Walioitaka nafasi hiyo walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 17 kutoka Ganda, mwenye mbio nyingi na jina lisilojulikana nje ya shule yake. Wa pili alijulikana na kila mtu. Alikuwa winga wa kushoto aliyeondoka kijijini kwa njumu za kuazima, akaenda kuchezea timu kubwa Mombasa, kisha akavuka bahari hadi Omani. Katika miaka yake mizuri, watoto wa mtaa waligombania kuitwa jina lake walipocheza mpira wa matambara. Sasa alikuwa na umri wa miaka 34. Goti lilikuwa limepasuliwa, mkataba ulikwisha bila kurefushwa, akiba iliyeyuka, na alasiri nyingi alionekana mangweni. Ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, naye alirejea.

Kikao kilifanyika chini ya mkwaju, upepo wa kaskazi ukivuma. Mwenyekiti, mvuvi wa makamo, alianza kwa sauti ya upole.

"Wanangu, huyu ndiye aliyeifanya timu hii ijulikane. Juzi mmesikia kwamba Gor Mahia wamemchukua Oliech. Ikiwa mabingwa wa nchi nzima wamemkumbuka mtu aliyekwisha kupumzika, sisi ni nani hata tumsahau wa kwetu?"

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Dennis Oliech ndiye aliyefunga bao dhidi ya Cape Verde mwaka 2003, bao lililoipeleka Harambee Stars katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2004 nchini Tunisia. Huko nako alifunga katika ushindi wa mabao 3 kwa 0 dhidi ya Burkina Faso. Alicheza Ufaransa kwa miaka mingi, Auxerre na kisha Ajaccio. Alipovaa jezi ya Gor Mahia mwezi huo wa Januari, alikuwa amekaa nje ya kandanda miaka kadhaa, na umri wake ulikuwa unakaribia 34. Nchi nzima ilikuwa ikijadili kwa kiwango kikubwa kile kile kilichojadiliwa chini ya mkwaju kwa kiwango kidogo.

Mweka hazina, mama muuza viazi karai, hakushawishika. "Mwenyekiti, kwa heshima yako," alisema, "jina halipigi krosi. Gor Mahia wana wachezaji wa kujaza pengo akichoka. Sisi tuna fomu moja."

Kura zilipopigwa zililingana, na kwa desturi ya timu hiyo uamuzi ukamwangukia katibu. Huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Kilichomtatiza ni siri aliyoificha moyoni: raba yake ya kwanza maishani alinunuliwa na winga yule, aliporudi kijijini kwa mapumziko. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, na usiku ule alilala nayo miguuni. Aliomba apewe siku moja.

Alfajiri iliyofuata alimkuta winga ufuoni, maji yamekupwa, akikimbia peke yake kwenye mchanga mgumu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Wamekutuma?"

"Sikutumwa. Nimekuja kutazama."

Alitazama. Winga alichomeka kijiti mchangani, akarudi nyuma hatua nyingi na kupiga mpira mara kumi kwa mguu wa kushoto. Mara nyingi mpira ulianguka karibu na kijiti, kana kwamba umeambiwa mahali pa kwenda. Kisha alijaribu kukimbia nao. Mara ya kwanza alifika. Mara ya pili goti lilimsaliti, akainama, akalishika kwa mikono miwili huku macho ameyaelekeza baharini ili asionekane uso.

"Nipe nusu msimu tu," alisema baadaye. "Nikiwa nje ya uwanja sijijui mimi ni nani."

Katibu alirudi nyumbani na maneno hayo. Alimkumbuka Roger Milla wa Kamerun, aliyeitwa kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na miaka 38 kwenda kucheza Kombe la Dunia la mwaka 1990 nchini Italia. Milla hakuwa akianza mechi. Aliingizwa wakati wapinzani wamekwisha kuchoka, akafunga mabao manne, na Kamerun ikafika robo fainali. Walimtumia kwa kile alichokuwa nacho wakati ule, wala si kwa alichokuwa nacho ujanani. Mwaka 1994 alirudi tena akiwa na miaka 42, akaifunga Urusi bao lililoingia katika historia. Lakini siku hiyo Kamerun ilifungwa mabao sita. Mtu yule yule, katika mashindano yale yale, alikuwa mara ya kwanza msaada kwa timu na mara ya pili kumbukumbu yake.

Hapo ndipo katibu alipoirudia methali. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, hawakusema hupangwa. Tuzo ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa. Namba uwanjani ni dhamana ya kazi inayongoja kufanywa. Anayelipa deni la jana kwa namba ya kesho hulilipa kwa mali isiyo yake, maana namba ile ni haki ya mwingine, naye katika kisa hiki alikuwa mtoto wa miaka 17 asiye na wa kumtetea. Lau timu ingekuwa na fomu mbili, dakika 20 za mwisho zingemfaa winga na mguu wake wa kushoto. Fomu ilikuwa moja.

Jioni aliandika jina la kijana wa Ganda. Mwenyekiti alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi tumtuze." Wakachanga upya, safari hii kwa ajili ya matibabu ya goti, na hata mweka hazina akatoa mauzo ya siku nzima. Wakamwomba pia awafundishe mawinga. Hilo alilikataa. "Sijafa bado hata niwe mwalimu," alimwambia katibu mbele ya watu. Fedha alizipokea, salamu hakuzirudisha.

Msimu ule Gor Mahia walitwaa ubingwa, na Oliech alifunga mabao, ijapokuwa hayakufikia yale ya zamani. Kabla ya mwaka 2019 kwisha, mkataba wake ulikuwa umevunjwa. Habari zilipofika Malindi, baadhi ya watu walimpongeza katibu kana kwamba ameshinda dau. Yeye hakufurahi. Kijana wa Ganda naye hakuwa nyota wa kushangaza. Katika mechi yake ya kwanza alikosa bao ambalo hata kipofu angelifunga. Hakuna lililothibitishwa kwa matokeo, wala uamuzi ule haukuhitaji matokeo ili uwe wa haki.

Kwa hakika, timu impayo mtu namba kwa sababu ya shukrani humdhulumu hata yeye mwenyewe, kwani humweka mbele ya watu wamcheke kwa yale yale waliyomshangilia. Lakini timu isiyomtuza kabisa humfundisha kijana wa miaka 17 kwamba naye siku moja atatupwa. Kazi ni kuyatenganisha mawili hayo na kuyatimiza yote, na atakayeifanya kazi hiyo ajiandae kuitwa asiye na fadhila.

Katibu aliitwa hivyo kwa muda mrefu. Kila arudipo likizo huenda ufuoni alfajiri na kutoa salamu yake, "Shikamoo, kaka," akangoja kidogo, kisha akaenda zake.