Maziwa Yalitangulia

Maziwa ya ngamia yalikuwa yakifika Eastleigh, Nairobi, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuja Isiolo kutufundisha jinsi ya kuyafikisha. Naanza na hilo kwa sababu katika ripoti nilizozitafsiri, na nimetafsiri nyingi, habari huanza siku gari la mradi lilipoegeshwa chini ya mti. Kabla ya gari hilo, ukizisoma ripoti, hapakuwa na kitu ila kina mama wenye shida.

Nilikulia Kiwanjani, mtaa unaogusana na uwanja wa ndege. Nikiwa mtoto, uwanja wenyewe ulikuwa ukanda mfupi ambao mbuzi waliukatiza mara nyingi kuliko ndege. Biashara ya mtaa ilikuwa kwenye mitungi ya plastiki. Alfajiri maziwa yalitoka porini, upande wa Kulamawe na Burat, kwa punda na kwa miguu, na baadaye kwa bodaboda. Kina mama waliyapokea, wakayanusa, wakayaonja, wakayamimina katika mitungi iliyofukizwa moshi wa kuni ili yasiharibike upesi. Kila mtungi ulifungwa kitambaa cha rangi yake shingoni. Ukapandishwa basi la Nairobi, na aliyekuwa akiungojea Eastleigh aliutambua kwa kitambaa. Jioni mitungi mitupu ikarudi, na pesa ikarudi na kondakta, imekunjwa katika karatasi yenye jina.

Aliyekuwa akipokea Eastleigh hakuwa mteja tu. Alikuwa dada, au mke wa mjomba, au binti wa jirani aliyeolewa huko. Mtu asiye na jamaa Eastleigh hakuweza kuuza Eastleigh, hata kama ngamia wake walikuwa wengi kuliko wa wengine wote. Hilo ndilo lililokuwa soko. Halikuwa na ofisi wala mkataba, lakini lilikuwa na mipaka mikali, na mipaka yake ilifuata ukoo.

Mashirika yalipoanza kuja kwa wingi nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne bila kazi, mwenye Kiswahili, Kisomali, Kiborana na Kiingereza cha shule. Nikawa mkalimani. Semina zilifanyika hotelini mjini, chai saa nne, pilau saa saba, bahasha ya nauli saa kumi. Mkufunzi kutoka Nairobi alichora mishale ubaoni: mzalishaji, msambazaji, mlaji. Nilitafsiri mishale. Kina mama walisikiliza kwa adabu, wengine wakisinzia, maana walikuwa wameamka saa tisa usiku kupokea maziwa.

Siku moja Hajja mmoja wa mtaa wetu, ambaye mimi nilimwita eddo kwa heshima ya shangazi, aliinua mkono. “Mwalimu,” alisema, “maziwa yangu jana yamechacha basi likiwa Karatina. Hapo kwenye mishale, Karatina iko wapi?”

Mkufunzi alicheka, tukacheka wote, akaendelea na mishale. Lakini kwangu swali lile lilimaliza semina. Yeye alikuwa na mzalishaji, msambazaji na mlaji tangu zamani, na wote walikuwa jamaa zake. Alichokosa ni baridi. Na zaidi ya baridi alikosa kitu cha kumwonyesha mtu asiyekuwa jamaa yake ili amwamini.

Msaada mkubwa wa kwanza haukuja kwa jina la msaada. Machi 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa, na baada ya muda karatasi za kondakta zikatoweka. Mnunuzi wa Eastleigh aliweza kulipa kabla basi halijafika Sagana. Muhimu zaidi, aliweza kulipa mtu asiyemjua. Kwa mara ya kwanza niliona mama wa Kiborana wa Kiwanjani akimuuzia Msomali wa Eastleigh ambaye hakuwahi kuonana naye, wakipigiana simu tu na kuulizana hali za watoto ambao hawakuwajua. Hakuna mradi uliojinasibu kwa hilo, na kila ninapoulizwa ni programu gani ya kukuza biashara iliyofaulu hapa kwetu, hutaja hiyo, na anayeuliza huwa haandiki.

Halafu likaja kundi la watu walioanza na Karatina. Chama cha ushirika cha kina mama wa Anolei kilikuwa kimeanza kusimama mjini, na shirika la SNV la Uholanzi lilikuwa miongoni mwa waliowashika mkono. Mafunzo yalihama hotelini yakaja kwenye kituo cha kupokelea maziwa, saa ile ile ya alfajiri. Mkufunzi alikuwa na kipimajoto, kipimo cha uzito wa maziwa na chupa ya alkoholi ya kupimia kama yameanza kuharibika. Walinunua friza, maziwa ya jioni yakalala baridi na kusafiri siku ya pili. Waliletewa pia mikebe ya alumini, mizuri, inayosafishika, isiyoshika harufu. Mitungi ya plastiki haikuondoka. Mkebe mmoja wa alumini uligharimu mara kadhaa ya bei ya mtungi, na makondakta walitoza nauli zaidi kwa sababu ni mzito na haupangiki chini ya viti. Kanuni za usafi zilisema mkebe, mfuko ukasema mtungi. Hadi leo utaona vyote viwili kwenye foleni moja.

Mikopo ilikuwa habari nyingine. Wafadhili walishangaa kwa nini wafanyabiashara wenye mzunguko mzuri wa pesa hawakopi. Wangeuliza tu. Riba ni haramu, na fomu za benki zilikuwa riba kuanzia ukurasa wa kwanza. Gulf African Bank na First Community Bank zilipoanza kazi mwaka 2008, zikifuata sharia, wafanyabiashara wakubwa wa mji walipata pa kwenda. Wauza maziwa waliendelea na ayuto, mchango wao wa zamu, na ayuto ndiyo iliyonunua friza nyingi zaidi nilizoziona kwa macho yangu.

Na hata neno “nje” halikuwa na maana moja. Watu wa kaskazini wa rika la baba yangu, wakisafiri kwenda Nairobi, walisema wanakwenda Kenya. Haikuwa mzaha. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu akihitaji ruhusa kuingia na kutoka, na Isiolo ilikuwa mlango. Mifugo ilizuiwa hapa, ikachunguzwa, ikasubiri karantini katika ardhi ambayo tunaiita LMD mpaka sasa. Baada ya uhuru palikuwa na vita vya Shifta, na hata vilipokwisha malori ya kaskazini yaliendelea kusafiri kwa msafara wenye askari. Kwa hiyo wataalamu walipotupangia ngazi, kwanza soko la nyumbani, kisha la nchi jirani, kisha la dunia, ngazi yao haikulingana na miguu yetu. Nairobi ndiyo iliyokuwa ng'ambo. Moyale na hata Ethiopia kulikuwa kwa ndugu.

Lami ndiyo iliyovuruga mpangilio huo. Kazi ya kutengeneza barabara ya Isiolo kwenda Moyale, takriban kilomita 500, ilianza mwaka 2007 na kipande cha kufika mto Merille, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na Wachina wakiwa makandarasi. Ilichukua karibu miaka 10 lami ikutane na mpaka. Safari iliyokuwa siku mbili au tatu juu ya lori, ukikaa juu ya magunia, ikawa usiku mmoja ndani ya basi. Kwa kina mama wa maziwa maana yake ilikuwa hivi: kiangazi kikichoma malisho ya karibu, waliweza kununua kwa wafugaji wa mbali kaskazini na bado kuliwahi basi la Nairobi. Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy Ahmed walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Moyale, ambapo karatasi za nchi mbili hukaguliwa mahali pamoja. Bidhaa za Ethiopia zilianza kushuka kwa wingi. Katika semina tulizoea kuiona barabara kama kitu cha kutupeleka nje. Wauzaji wa Isiolo waligundua mapema kwamba inaleta pia.

Uwanja wa ndege ulikuja na ahadi kubwa kuliko zote. Isiolo iliwekwa kwenye mpango wa LAPSSET, wa kuunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, na tukaambiwa tutakuwa mji wa mapumziko na uwanja wa kimataifa. Kiwanjani paliwekwa vigingi, baadhi ya familia zikahama, na bei za viwanja zikapanda kwa uvumi tu. Jengo la abiria, lenye uwezo wa kuhudumia watu 125,000 kwa mwaka, lilifunguliwa Julai 2017. Miraa ya Nyambene ingeruka kutoka hapa. Nyama ingeruka kutoka hapa. Niliandika sentensi hizo mwenyewe katika maombi kadhaa ya fedha.

Njia ya kurukia ndege ina urefu wa kilomita 1.4. Ndege kubwa za mizigo haziwezi kuitumia. Machinjio ya kisasa ya mauzo ya nje, yaliyoanza kujengwa muongo mmoja kabla, yalikuwa bado hayajakamilika uwanja ulipofunguliwa. Na miraa, jirani yetu wa mlimani, ilikuwa imetupa somo lake: Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na biashara iliyojengwa kwa vizazi ikafungwa kwa saini. Somalia nayo ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020, ikazirudisha Julai 2022. Wakulima hawakuwa wamefanya lolote jipya, jema wala baya.

Ni katika miaka hiyo Hajja aliniuliza kuhusu Ulaya. Mpwa wake aliyekuwa Dubai alimtumia picha ya kopo la unga wa maziwa ya ngamia, lina rangi nzuri, na habari kwamba Umoja wa Ulaya umeyaruhusu kuingia. Ilikuwa kweli. Mwaka 2013 Umoja huo ulifungua mlango kwa maziwa ya ngamia kutoka Dubai, ambako kampuni ya Camelicious hukamua maelfu ya ngamia kwa mashine. Kenya ina ngamia zaidi ya milioni 4 kwa sensa ya 2019, ni mojawapo ya nchi zenye ngamia wengi zaidi duniani, na mlango huo haukufunguliwa kwake.

“Maziwa yao ni matamu kuliko yetu?” aliuliza.

“Hapana, eddo.”

“Basi?”

Nilimweleza kadiri nilivyojua. Kwa chakula kitokanacho na mnyama, Ulaya haianzi na kampuni. Inaanza na nchi: ina mpango gani wa kupima masalia ya dawa katika maziwa, magonjwa ya mifugo yanafuatiliwa vipi, maabara gani inaaminika. Nchi ikishaingia kwenye orodha, ndipo kiwanda kimoja kimoja huombewa nafasi. Ushirika wa Isiolo ungeweza kuwa safi kama hospitali na usifike popote, kwa sababu karatasi inayohitajika si yake kuandika.

Alinyamaza kidogo. “Kwa hiyo wale wote waliotufundisha kuuza nje,” akasema, “walipaswa kufundisha Nairobi.”

Tangu siku hiyo sijapata maelezo bora ya kazi yangu. Naendelea kufanya kazi na biashara ndogo za mji huu, sasa kwa jina la mshauri. Nikipewa mfadhili anayetaka kusaidia kampuni ikue, humuuliza kwanza maziwa yanaharibikia wapi, pesa inachelewa wapi, na karatasi inakwama meza ya nani. Meza ikiwa ya serikali, basi fedha za semina zikakae na watu wa hiyo meza. Wengine huondoka. Maonyesho ya biashara ya nje yana picha nzuri zaidi.

Ukame uliopiga kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ikikosekana mfululizo, uliua ng'ombe wengi sana. Ngamia walistahimili zaidi, ingawa maziwa yalipungua. Wafugaji waliokuwa wa ng'ombe tupu wakaanza kununua ngamia, na biashara ambayo zamani ilikuwa ya koo chache ikapata sura ambazo hazikuwamo.

Sasa biashara ya Hajja imo mikononi mwa binti yake, aliyesoma uhasibu. Anazo leseni zake, vitabu vyake havina madoa ya maziwa kama vya mama yake, na anapiga simu Mombasa kama mtu anayepiga simu kwa jirani. Nilitarajia atazungumzia Ghuba. Anazungumzia Meru. Ni kilomita 50 hivi kutoka hapa, mji mkubwa, watu wanywaji wa maziwa, na karibu hakuna mtu pale anayeyanywa ya ngamia, maana hakuna shangazi wa mtu aliyewahi kuyapeleka. Dubai tuna ndugu, anasema, Minneapolis tuna ndugu, Meru hatuna.

Mwaka jana alianza kupeleka chupa za nusu lita katika maduka mawili huko. Nyingine hurudi. Aliongeza ya tangawizi, hiyo hairudi sana. Mwezi uliopita aliniomba nimwandikie lebo kwa Kimeru, nami Kimeru sina, tukamtafuta mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayekijua vizuri. Lebo imekuwa nzuri. Mwalimu anataka kulipwa kwa kila chupa, binti anataka kulipa mara moja tu, na jana bado walikuwa kwenye simu.