Wikendi Dodoma: Mvinyo, Michoro na Ngoma Tunayoionea Aibu Kwetu

Wacha niseme tu, na anayetaka kukasirika akasirike: sisi vijana wa Nairobi tunapenda mvinyo na sanaa, bora vitoke mbali. Ukiambiwa wikendi ya mvinyo, kichwani unaona Afrika Kusini, ama Italia, ama ile nyasi ya Naivasha ambapo kila mtu amevaa kofia kubwa na ameshika glasi kwa vidole viwili. Poa. Lakini kuna mahali mvinyo unatoka shambani kwa mtu mnayeongea naye Kiswahili, michoro iko kwenye mwamba, na wanaopiga ngoma ni akina mama wa rika la nyanya yako. Ni Dodoma, na unafika kwa basi.

Mimi sina bosi, kwa hivyo wikendi yangu ilianza Ijumaa ikaisha Jumanne. Tulikuwa watatu. Ijumaa tukavuka Namanga, tukalala Arusha, alfajiri tukapanda basi la Dodoma linalopitia Babati. Kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 400, kwa hivyo beba maji na subira. Na jifunze shikamoo mapema. Kwetu hiyo ni salamu ya mtihani wa Kiswahili. Kule usipomwamkia mzee, mazungumzo hayaanzi.

Usiende moja kwa moja hadi mjini. Shuka Kolo, kabla ya kufika Kondoa, uripoti kwenye ofisi ya Mambo ya Kale, ulipe, upewe wa kukuongoza. Kuna boda hadi chini ya mlima, halafu ni miguu yako na pumzi yako. Huko juu kwenye miamba kuna twiga, kuna watu wembamba wenye vichwa vikubwa, wote kwa rangi nyekundu iliyofifia. Michoro myeupe ni ya baadaye, ya watu waliokuja na kilimo. Sehemu zenye michoro eneo lile ni zaidi ya 150, na UNESCO iliziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey, yule yule tuliyemsoma kwenye historia, alikaa huko 1951 akiinakili michoro kwa mkono, na kitabu chake kuhusu kazi hiyo kikatoka 1983.

Mzee aliyetuongoza alituonyesha mashimo kwenye udongo. Kuna watu huja kuchimba, akasema, kwa sababu wanaamini Wajerumani walificha dhahabu pale. Yaani mtu anapanda mlima mzima, anaipa mgongo michoro, anaanza kuchimba akitafuta mali. Tulicheka sana. Halafu nikaangalia simu yangu mkononi, nikapunguza kucheka.

Kwa sababu mbele kidogo mzee alisimama akasema, "Hapa usipige picha, mwanangu. Hapa watu bado wanakuja." Wanakuja kuomba mvua, kuombea wagonjwa, kuleta sadaka. Nikaweka simu mfukoni. Ingekuwa klipu kali kuliko zote za safari, na kazi yangu ni klipu, kwa hivyo msinichukulie kama mtakatifu. Ila kitu kilinishika pale. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, na tangu siku hiyo nasikia habari ya vyeti kila sherehe ya familia. Sasa hapa kuna mwamba uliopata cheti 2006, na wenyeji walikuwa wanauheshimu kabla ya hicho cheti kuja. Hawakungoja mtu awaambie kwamba una maana.

Twende kwa mvinyo. Dodoma ni nusu jangwa, ardhi ya mibuyu na vumbi, huwezi kudhani zabibu zinaweza kukaa pale. Lakini zinavunwa mara mbili kwa mwaka, na sisi tulifika mwisho wa Agosti, kila kona ya barabara mtu ana beseni la zabibu. Wamisionari Wakatoliki ndio walioanza kuzipanda, miaka ya 1950. Siku hizi kuna mashamba Hombolo, Makutupora, Bihawana, na kuna zabibu nyekundu iliyopewa jina la hapo hapo Makutupora. Dompo, ule mtamu mzito, wengine mmeusikia. Ule mkavu ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Na kama hujafika miaka 18, kula zabibu, utashiba na hutajutia.

Mama mmoja mwenye shamba dogo alituambia shida si kulima. "Zabibu haisubiri," alisema. Ikiiva imeiva, na matangi ya kiwanda yakijaa, mzigo unarudi nao nyumbani. Anahitaji wanunuzi. Na sisi tuko hapa Nairobi, usiku kwa usiku, tunanunua chupa zilizovuka bahari. Mimi sijawahi kuona ya Dodoma kwenye rafu ya duka langu.

Halafu Chamwino. Wengi wanaijua kwa sababu ya Ikulu, lakini Wagogo wanajulikana kwa muziki tangu zamani. Marehemu Hukwe Zawose alitoka huku, akaenda kurekodi ilimba na zeze yake hadi Uingereza. Tulipata kikundi cha akina mama wakifanya mazoezi ya muheme. Ngoma wanaishika katikati ya magoti, wanaipiga kwa mikono, na manze, hakuna spika ya klabu iliyowahi kunipiga kifuani vile. Mmoja akaniuliza kwetu tunapiga nini.

Nilijua jibu, na ndilo lililonitia uzito. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Kwetu kuna kilumi, ngoma ya akina mama, ya uponyaji na ya mvua. Susu wangu alikuwa anaipiga. Ngoma yake iko ghalani, imefunikwa na magunia, kwa sababu mamangu alishasema hayo mambo tuliyaacha. Simlaumu mamangu. Ameokoka, na alikulia wakati ambapo mtoto wa mpiga kilumi alikuwa anachekwa shuleni. Lakini nilipomwambia yule mama wa Chamwino, alishangaa. Yeye Jumapili yuko kanisani, anaimba, na hajaona shida.

Hapo ndipo msimamo wangu uko. Sisi tunalipa nauli kwenda kushangilia ngoma ya jirani, na ya kwetu tumeifunika magunia. Mvinyo wa zabibu tunauita utamaduni. Ukitaja kaluvu ya babu, watu wanamfikiria chifu na msako. Mwamba wa Kolo tunaupanda tukihema, lakini mlima wa kijijini ambapo wazee walikuwa wanaombea mvua hatujui hata jina lake. Sisemi kila mtu arudi kuamini. Mimi mwenyewe sijui naamini nini. Nasema kujua si dhambi, na aibu si imani.

Nilimpigia susu simu nikiwa kwenye basi la kurudi, nikamweleza yote. Alicheka hadi akakohoa. "Na wewe umeenda Tanzania kutafuta mvua?" Desemba naenda Kitui. Nimemwomba anifundishe kuipiga, ama angalau anieleze nani alimfundisha. Kama atataka kurekodiwa, sawa. Akikataa, simu inabaki mfukoni.

Nyinyi nendeni Dodoma, kwa kweli nendeni. Nendeni Agosti ama Septemba, mbebe shilingi za kule mkononi, mnunue chupa kwa mwenye shamba ama kiwandani kwenyewe, mlipe kikundi cha ngoma kabla ya kutoa simu, na mle ugali wa uwele kwa mlenda. Lakini kabla ya kukata tiketi, piga simu moja nyumbani. Muulize susu, cucu, dani, yeyote uliye naye: kwenu mlikuwa mnapiga ngoma gani, na iko wapi sasa?