Tulichokitafuta kwa Watu Tukakikuta Kwetu

Mara nyingi akina mama wametutaka tuandike khabari za kazi yetu, nasi tumekuwa tukikwepa. Leo twaandika, si kwa kujisifu, bali kwa kuwa kazi hiyo imetufunza somo ambalo twaona hatuna haki ya kulificha.

Kazi yetu ni upelelezi. Si ule wa serikali, bali wa kuajiriwa na watu binafsi. Tulianza tukiwa karani katika afisi ya wakili hapa Mombasa, tukitumwa kutafuta mashahidi na hati za mashamba. Kisha wazee wakaanza kutujia kwa jambo jingine: "Binti yangu ameposwa na kijana nisiyemjua. Nitazamie." Posa moja ikaleta ya pili, hata tukaiacha afisi. Kazi hii pengine mwanamke huiweza kuliko mwanamume. Huko Marekani, mwaka 1856, bibi mmoja aitwaye Kate Warne alimwendea Allan Pinkerton mjini Chicago akataka aajiriwe kuwa mpelelezi, na hoja yake ilikuwa hiyo hiyo, kwamba mwanamke hufika pale asipofika mwanamume. Sisi tulifika jikoni na uani. Tulimwuliza mwenye duka khabari za madeni, tukamwuliza jirani khabari za kelele za usiku, kisha tukaandika tuliyoyapata, tukayatia katika bahasha.

Walikuwako waliotukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu, katika Suratul Hujurat, aya ya 12, ametukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Tuliwajibu kwa hadithi ya Fatima binti Qays. Bibi huyu aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaja kumtaka shauri Mtume s.a.w., naye hakumficha: mmoja hana mali, na wa pili fimbo haiondoki begani mwake. Akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Kwa ajili hiyo wanazuoni, kama Imamu Nawawi, wameihesabu nasaha ya ndoa katika mambo sita yanayohalalisha kutaja aibu ya mtu.

Jawabu letu lilikuwa sahihi, walakini ruhusa hiyo ina mpaka. Hutajwa lile tu ambalo mwenye kuoa au kuolewa analihitajia, na likitosha neno moja haliongezwi la pili. Sisi tuliuvuka mpaka huo. Yuko binti mmoja ambaye tuliyaandika hata makosa aliyokwisha kuyatubia miaka mingi. Posa ikavunjika, nasi tukalipwa ujira wetu. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja alimwambia mposaji wa dada yake dhambi aliyoifanya dada huyo zamani, na Sayyidna Umar alipopata khabari alighadhibika, akampiga au akakaribia kumpiga. Khabari hiyo tulikuwa tumeisoma, tukaipita kama mtu aipitavyo nyumba asiyoijua mwenyewe.

Basi mwaka 2023 alitujia bwana mmoja wa hapa Mombasa. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alikuwa ameposwa na kijana wa Tanga waliyejuana huko kazini. Bwana akataka tuujue ukoo wa kijana, dini yake na tabia yake. Tukasafiri. Msikitini walimsifu, na dukani hakuwa na deni. Alasiri tukaenda kuitazama nyumba ya wazee wake, katika mitaa ya Ngamiani. Tulipoliona lile baraza, na mlango wa uani uliokaa upande upande, miguu ilituishia nguvu. Nyumba ile tulikuwa tumeifagia kwa mikono yetu.

Hapana budi tueleze. Tulipokuwa na umri wa miaka 18 tuliolewa Tanga na mtu ambaye wazee wetu hawakumtaka. Hakuna aliyemchunguza, tulilia mpaka wakakubali. Alituacha kabla ya mwaka kwisha, nasi tukiwa na mimba ambayo kwetu hawakuijua. Kwa kiburi hatukurudi nyumbani. Tulizaa mwaka 1997 mtoto wa kiume, akaishi siku ishirini. Maziwa yalikuwa yangali yakitoka tulipopata kazi katika nyumba ile, ambayo mama yake alikuwa amelazwa hospitali baada ya kujifungua. Tulimnyonyesha mtoto wao kwa miezi sita, kisha tukarudi Mombasa na kusema kwamba tulikuwa tukisoma chuoni. Bwana wa nyumba yetu, tuliyeolewa naye baadaye, alijua kwamba tuliwahi kuachwa. Kwamba tulizaa, tukazika, tukatumika katika nyumba za watu, hakujua, wala watoto wetu hawakujua.

Kijana aliyeposa ndiye mtoto yule. Mpaka hapo tulijiambia kwamba hapana dhara. Kumnyonyesha mvulana hakumzuii kumwoa binti wa watu wengine. Tukarudi Mombasa, tukaenda kwa mama wa binti kuyakamilisha maswali yetu. Katika mazungumzo akasema, "Ah, dada yangu, huyu binti yangu pia ni mtoto wa Tanga. Baba yake alikuwa akifanya kazi bandarini huko mwaka nilipomzaa. Maziwa yangu yalikauka. Palikuwa na msichana mtumishi, nyumba ya nyuma yetu, akawa ananinyonyeshea uani, kwa siri, maana tajiri wake alimkataza. Mungu amlipe, hata jina lake limenitoka."

Wallahi hatukuweza kuinywa ile chai. Msichana yule ni sisi. Kila alasiri, kwa muda wa mwezi na zaidi, tulimpokea kitoto yule ukutani kwa kumhurumia. Mama huyu alimjua mtoto wake tu, na watu wa nyumba kubwa walimjua wao tu. Aliyewajua wote wawili ni sisi peke yetu, duniani hapana mwingine.

Madhehebu yetu ya Imamu Shafii yasema kwamba mtoto aliyenyonya mara tano zilizo kamili kabla ya kutimia miaka miwili huwa mtoto wa aliyemnyonyesha, na wote walionyonya kwake huwa ndugu wasioweza kuoana. Hawa walinyonya mara nyingi zaidi ya tano. Walikuwa kaka na dada, na siku ya nikahi ilikuwa imekwisha kutajwa.

Usiku ule nafsi ilituletea hoja zake. Kwanza ilisema kwamba mbele ya kadhi, kwa madhehebu yetu, ushahidi wa mwanamke mmoja hauthibitishi unyonyeshaji, basi nyamaza. Lakini Uqba bin Harith alipokwisha kuoa, akaja mwanamke mmoja akasema kwamba aliwanyonyesha yeye na mkewe, alisafiri mpaka Madina kumwuliza Mtume s.a.w., akaelekezwa amwache. Na ingawa Mashafii huichukua hadithi hii kuwa ni katika uchaji na si hukumu ya kulazimisha, sisi hatukuwa na shaka ya kuchukulia uchaji. Tulikuwa na yakini.

Kisha nafsi ikaleta hila: andika katika bahasha kwamba kijana ana madeni, posa itavunjika, na siri yako itabaki. Hapo ndipo tulipojiona tulivyo. Kwa miaka mingi tulikuwa tumezitoa siri za watu kwa ujira, na leo, ili kuiokoa yetu, tulikuwa tayari kumzulia uongo mtoto aliyekua kwa maziwa yetu.

Alfajiri, baada ya sala, tulimwambia bwana wa nyumba yetu yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, macho yetu yakiwa juu ya msala. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mke wangu, yule mtoto mliyemzika, aliitwa nani?" Tukamtajia jina. Kwa miaka 26 hatukuwa tumelitamka jina lile mbele ya mtu. Akamwombea dua, akainuka akavaa kanzu yake, akasema, "Twende wote kwa wale watu. Si vema uende peke yako."

Hatutasema kwamba mambo yalikwisha kwa furaha. Binti alilia siku nyingi, na kijana aliiacha kazi yake ya Dar es Salaam. Watoto wetu wawili walinuna, wakauliza ni mangapi mengine tuliyowaficha. Mama wa binti ndiye wa kwanza kutushika mkono. Na siku ya Idi kijana yule alikuja kwetu kutoka Tanga, akasimama mlangoni hajui atuiteje, kisha akatubusu mkono akatuita mama. Binti alikuwapo. Wakaamkiana, wakakaa chumba kimoja bila ya kizuizi, maana sasa ni maharimu, lakini hawakutazamana sana.

Na yule binti wa zamani ambaye tulimvunjia posa, tulimtafuta tukamwomba radhi. Alitusamehe kwa ulimi. Ya moyoni anayajua Mwenyezi Mungu.

Enyi akina mama, Mwenyezi Mungu amependa tufunikiane aibu, na mwenye kumsitiri Muislamu atasitiriwa. Dhambi uliyoitubia ni baina yako na Mola wako, huna haja ya kuitangaza. Lakini siri iliyobeba haki ya mtu mwingine, kama nasaba, maziwa, deni au amana, hiyo si yako peke yako, na kuifunika si sitara bali ni dhulma. Mkimnyonyesha mtoto wa mtu, andikeni jina lake na la wazee wake, tarehe na idadi ya mara, na kila nyumba ibaki na nakala. Na posa ikija, ulizeni habari za maziwa kabla hamjauliza za mshahara.

Sisi kazi yetu twaendelea nayo, ila bahasha zetu siku hizi ni nyembamba. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafunua pasipo haja na tuliyoyaficha palipokuwa na haja. Amin.