Mlinzi Aliyekuta Gogo

Kwetu Njombe mti ni pesa: paina inapasuliwa, inapakiwa, inateremka Makambako. Ukichonga kinyago unaulizwa, "Hicho ni kiti au nini?" Basi namfikiria marehemu George Lilanga, Mmakonde aliyeingia Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya 1970 akiwa mlinzi. Akakuta wachongaji wenzake, vifaa na mahali pa kukaa akafanya kazi. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Kipaji alikuja nacho. Pale alipata nafasi.

Mimi nina madaftari matatu ya riwaya chini ya kitanda, na mjomba anayeuliza kila jioni nitaanza kazi lini. Ndugu msomaji, gogo bichi likiachwa juani hupasuka. Vijana wa Makambako, tutafute japo chumba kimoja.