Fundi hakukosea, nilikosea mimi

Nilimlaumu mtu asiye na hatia, tena mbele ya vijana anaowafundisha kazi. Hilo linaniuma kuliko bamba lililobonyea.

Gari ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, aina iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Huku Lushoto nalibebea mbao na viazi. Breki za dramu za mbele zilikuwa zimenichosha: kwenye mteremko mrefu zinapata moto, unakanyaga pedali na gari halishiki. Nikatafuta diski, fundi akazifunga, akatoa hewa kwenye mabomba. Kwa mara ya kwanza nikashuka mlima bila wasiwasi.

Kisha siku moja nikaliegesha kwenye mwinuko, breki ya mkono nimeivuta mpaka mwisho, likarudi nyuma lenyewe na kugonga ukuta wa jirani. Nikaenda gereji nikifoka kwamba nimeharibiwa gari. Fundi akanijibu kwa upole, "Mzee, breki ya mkono ya gari hili haipo kwenye magurudumu." Sikumpa nafasi ya kumaliza. Nikataka kila alichofunga kifunguliwe upya.

Ningemsikiliza ningejua mapema. Kwenye Land Rover hizi, breki ya mkono ni dramu moja tu, iko chini katikati, nyuma ya gia boksi ndogo, na inakamata propela ya nyuma. Unaweza kufunga diski bora kuliko zote duniani na dramu ile isijue lolote. Yangu ilikuwa imelowa. Sili ya oili nyuma ya gia boksi ilikuwa imekwisha, oili ikapenya ndani na kulowesha viatu vya breki. Na dalili nilikuwa nazo zamani: matone chini ya gari, ambayo nilijiambia ni kawaida ya Land Rover, na mkono wa breki uliopanda juu zaidi kila mwezi. Badala ya kuuliza sababu, nilikuwa nakaza fito zinazovutwa na mkono huo.

Baya zaidi lilitokea palepale gereji. Kwa haraka yangu nilimwamuru kijana apige jeki gurudumu la nyuma, nikamhakikishia kwamba breki nimevuta. Gari likasogea, jeki ikalala. Kijana aliwahi kuruka. Hapo hata sili mpya isingetusaidia, maana propela ikikamatwa, difu bado inaruhusu gurudumu moja lizunguke mbele na jingine nyuma. Ukiinua moja, lililobaki chini liko huru. Fundi alikuwa anataka kuniambia hilo pia.

Tumebadilisha sili na viatu vyote viwili, maana kiatu kilichonyonya oili hakifai tena hata ukikiosha kwa petroli. Nimemwomba fundi msamaha mbele ya vijana walewale, na nimemwomba yule kijana peke yake.

Wewe mwenye gari kama langu, breki ya mkono ikikataa, ingia chini kwanza utazame kama dramu ile imelowa, kabla hujamgombeza mtu. Na usimruhusu yeyote apige jeki gurudumu la nyuma kabla ya kuweka mawe, mbele na nyuma, kwenye magurudumu yanayobaki chini.